Misokoto Miwili na Swali la Fomu

Jumapili usiku

Likizo ikikaribia, swali hurudi lile lile. Mtu alishikwa na misokoto miwili ya bangi akiwa kijana, akalipa faini Mahakama ya Kibera, yakaisha. Sasa ana familia na anataka kutembea Marekani wiki mbili. Atapita?

Kinachoniuma ni kwamba wengine huponzwa na "Hapana" waliyojibu kwenye fomu kuliko bangi yenyewe.

Fomu ya DS-160, ile ya kuombea viza ya Marekani, inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa. Isome pole pole: kukamatwa. Kesi iliyofutwa nayo imo. Swali jingine ni kama umewahi kuvunja sheria yoyote ya dawa za kulevya. Jibu Ndiyo, kisha kwenye kisanduku cha maelezo andika tarehe, mahakama, namba ya kesi, kiasi ulichokutwa nacho, adhabu na siku ulipoimaliza. Mistari minne inatosha, usijitetee. Uongo ukibainika, hilo ni kosa jipya, na zuio lake ni la maisha.

Ukweli nao una gharama yake. Kwa dawa za kulevya sheria ya Marekani haijali miaka mingapi imepita, na kosa moja dogo linatosha kukunyima viza. Mlango uliobaki ni msamaha wa kifungu 212(d)(3) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, ambao ofisa wa ubalozi huupendekeza na idara ya mipaka ya nchi hiyo huuamua. Tangu uamuzi wa bodi yao ya rufaa za uhamiaji mwaka 1978 hupimwa mambo matatu: hatari kwa jamii, uzito wa kosa, na sababu ya safari. Likizo ni sababu inayokubalika, kwa hiyo usibuni mgonjwa wala harusi. Jibu huweza kuchukua miezi. Usikate tiketi mapema. Ada ya viza, dola 185, nayo hairudi.

Kabla ya yote nenda masjala ya mahakama ukaombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Usipokuwa na namba ya kesi, karani itabidi apekue rejista za mwaka mzima, kwa hiyo itafute kwenye risiti ya faini. Ambatisha na cheti cha maadili mema cha polisi.

Uingereza ni nafuu kidogo. Mtalii aliyepigwa faini husubiri miezi 12 tangu hukumu. Aliyefungwa chini ya miezi 12 huhesabu miezi 12 tangu kifungo kiishe. Kifungo cha miezi 12 au zaidi ni kukataliwa. Japani ni ngumu zaidi: mwaka 1994 ilimkatalia hata Maradona.

Na usisahau njia ya ndege. Marekani hudai viza hata kwa anayebadilisha ndege tu, hivyo anayekwenda Jamaika kupitia Miami hukwama kwa kosa lile lile. Chagua njia isiyogusa Marekani, na uangalie masharti ya kupita ya kila uwanja kabla ya kulipa.