Kisanduku kilichoachwa wazi

Kazi yangu ni kupanga majibu ya hojaji za historia ya wagonjwa ili kompyuta iwagawe katika makundi kwa kufuata dalili zao, na jambo linalonikosesha usingizi kuliko hesabu zote ni kisanduku ambacho mgonjwa hakukijaza. Juzi nilishika fomu ambayo, mbele ya swali "Je, huamka usiku kwa kukosa pumzi?", ilikuwa na nukta ndogo ya penseli, kana kwamba mkono ulitua hapo, ukasita, kisha ukaondoka. Kwenye jedwali nukta ile ilikuwa imekwisha kugeuzwa sifuri, na sifuri kwetu ni "hapana".

Programu nyingi za aina hii hufuata kanuni ya Bayes: huanza na kiwango cha ugonjwa katika kundi zima, kisha kila jibu hupandisha au hushusha uwezekano wake. Kwa hiyo "hapana" ya kubuniwa humsogeza mgonjwa mbali na ugonjwa ambao huenda anao. Watu huruka maswali kwa sababu hawakuyaelewa, kwa haya, au kwa kuchoka tu; hojaji ya Cornell Medical Index, iliyotolewa Marekani mwaka 1949, ilikuwa na maswali 195 ya ndiyo au hapana!

Hata ushindi mkubwa wa kompyuta ulitegemea uangalifu wa kuuliza. Daktari Tim de Dombal na wenzake wa Leeds, Uingereza, walieleza mwaka 1972 kwamba mashine yao ilitambua chanzo cha maumivu makali ya tumbo kwa usahihi wa asilimia 91.8, ilhali daktari wa ngazi ya juu zaidi aliyemwona mgonjwa alipata asilimia 79.6, lakini dalili hizo zilikuwa zimekusanywa na madaktari, kwa utaratibu maalumu.

Ninayemheshimu zaidi ni daktari Warner Slack, ambaye mwaka 1966, akiwa Wisconsin, Marekani, alichapisha na wenzake habari za kompyuta iliyomhoji mgonjwa yenyewe. Mgonjwa aliweza kujibu ndiyo au hapana, na pia kusema kwamba hajui, au kwamba hakulielewa swali. Jibu hilo la mwisho ni la thamani kubwa, kwa kuwa humwonyesha mtunga hojaji mahali alipokosea yeye, si mgonjwa.

Nimeongeza alama ya tatu kwenye jedwali letu, ya "hakujibu". Fomu yenye nukta nimeirudisha kwa muuguzi, ili mgonjwa mwenyewe aulizwe tena kwa mdomo kabla kompyuta haijampangia kundi.