Kutoka kibodi hadi udi: kumnoa mwimbaji aliyekwisha kuiva

Mwimbaji wa harusi za Lamu mwenye miaka ishirini ya kazi hahitaji kufundishwa kuimba. Akitaka kuacha kibodi arudi kwenye taarab ya kukaa kitako, udi (ala ya nyuzi) na dumbaki (ngoma ya mkono), watu wakisikiliza maneno, kazi kubwa ya anayemnoa ni kupunguza. Wakufunzi wengi huanza kwa kumwongezea: mapambo ya sauti, nyimbo mpya, mara nyingine hata jina jipya. Huko ndiko wanakoharibu.

Umri wenyewe si hoja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 alikuwa anakaribia miaka hamsini. Lakini koo la miaka 48 si la miaka 25, na kwa wanawake wengi sauti huteremka kadiri damu ya mwezi inavyokatika. Kibodi hulificha jambo hili, kwani mpigaji hubonyeza kitufe, wimbo ukashuka, mwimbaji asijue umeshushwa kiasi gani. Basi muulize mpigaji wake kabla ya kumuuliza yeye. Kisha shusha kila wimbo toni moja, hata kama anazifikia sauti za juu bila shida. Zikihitajika toni mbili, shusha mbili. Mpigaji udi anaweza kulegeza nyuzi kwa toni moja, ila zikilegea zaidi ya hapo huanza kuvuma ovyo. Bora abadilishe mahali pa vidole.

Sasa masikio, na hapa usiwe na haraka. Kibodi ya kawaida ina nusu toni kumi na mbili na basi. Udi hauna vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole husimama popote. Bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ikianzia noti ya D, sauti yake ya pili haipo kwenye kibodi: inakaa kati ya E na E bemoli (E iliyoshushwa nusu toni), kadiri ya senti 50 chini ya E, kwa kipimo cha senti 100 kwa kila nusu toni. Aliyezoea kibodi ataivuta ile sauti juu kila mara, halafu atasema udi umeharibika. Usibishane naye. Mwambie mpigaji ashikilie uzi wa D peke yake, taratibu, na mwimbaji apande sauti nne tu na kushuka, dakika kumi, bila maneno. Rekodi kwa simu, msikilize pamoja papo hapo. Programu ya kupimia sauti itumieni baadaye, maana akianza na kioo cha simu atayapa macho kazi ya masikio.

Ila usianze na bayati, wala maqamu ya rasti, ambayo nayo ina sauti za katikati. Anza na maqamu ya hijazi. Hatua zake kibodi inazimudu, kwa hiyo mwimbaji huingia kwenye udi akiwa na ardhi chini ya miguu. Wiki tatu za hijazi, kisha bayati. Ukigeuza mpango huu atakata tamaa wiki ya kwanza na kurudi kwenye spika zake.

Nyimbo arubaini zikate zibaki kumi na mbili. Kipimo ni rahisi: aukariri wimbo kwa mdomo, bila sauti ya kuimba, mbele ya mtu mmoja. Usiposimama kama shairi, mdundo ndio uliokuwa ukiubeba. Zilizobaki zipunguzwe mwendo, na hapo ndipo pumzi inapomsaliti. Chukua mshororo huu wa mfano:

Bahari iko shuwari, jahazi langu lendapi?

Mizani nane, kisha nane. Pumzi ni baada ya "shuwari", na pambo la sauti likae kwenye kina, lile "ri". Mwimbaji wa kibodi atakata baada ya "iko", kwa sababu ngoma imemzoeza kuvuta hewa pale, na maana inavunjika katikati ya maji. Tia alama ya penseli kwenye karatasi yake kila mahali pa kupumua. Akikosea, rudini nusu ya mshororo tu.

Kupasha koo: mrija wa soda ndani ya gilasi ya maji, ncha izame sentimita mbili au tatu, apulize huku akivumisha sauti, apande na kushuka kwa dakika tano. Huonekana mchezo wa watoto, lakini hupunguza nguvu ya nyuzi za koo kugongana. Koo likichoka, anyamaze kabisa. Asinong'one, kwani kunong'ona nako kunaweza kulikaza. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, aende kwa daktari wa koo, tangawizi isubiri.

Kipaza sauti kikae shubiri moja kutoka mdomoni, na spika moja ndogo imwelekee yeye. Asipojisikia atapiga kelele bila kujua, hata chumba kiwe na watu thelathini.

Kuhusu adabu: huyu ni Bi fulani mjini, na waitikiaji wake wamekuwa naye tangu ujana. Usimsahihishe mbele yao. Kosa liseme mkiwa wawili, tena baada ya kulisikia kwenye rekodi, ili simu ndiyo iwe mshitaki.

Kalenda nayo ina lake. Ramadhani hakuna harusi na wengi hawagusi muziki. Vizuri, koo lipumzike. Wiki kumi na mbili za mazoezi zianze Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mara tatu kwa wiki, dakika hamsini kila mara. Zaidi ya hapo ni kujichosha.

Pesa ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Harusini, tunza, yaani pesa anazotuzwa mwimbaji akiimba, huweza kuzidi malipo yenyewe. Kwenye taarab ya kukaa kitako watu hukaa, na anayeinuka kumtunza msanii ni mmoja mmoja. Kwa hiyo bei ya onyesho ihesabiwe kana kwamba tunza haipo, nusu ilipwe kabla ya siku, na harusi zisiachwe mwaka wa kwanza. Zipunguzwe, na zisiwe usiku wa kuamkia onyesho. Faida moja haisemwi sana: katika mji wa vichochoro usio na magari, kibodi na spika zake hutaka mkokoteni au punda na vijana wa kubeba. Udi unapita begani.

Onyesho la kwanza liwe barazani kwa mtu, nyimbo sita kati ya zile kumi na mbili, ya kwanza hijazi.