Barua Isiyokuwa ya Mchezo

Kikao cha kupitia tafsiri ya Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, kilikwama kwenye sehemu ya 5, onyesho la 2. Padri Laurence ndiyo kwanza anaambiwa kwamba barua yake haikumfikia Romeo, kwa kuwa mjumbe alifungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Anashtuka, anasema barua hiyo haikuwa "nice". Rasimu ilisomeka: "Barua haikuwa nzuri." Aliyekuwa akitusomea kwa sauti akasita, akauliza: kama haikuwa nzuri, si afadhali imepotea?

Ikabidi kufungua kamusi ya kihistoria, ile inayopanga maana kufuata miaka na kuweka mifano chini ya kila moja. Kamusi ya kawaida hapo hupotosha, kwani huanza na maana ya leo. "Nice" ina asili ya Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Ilipitia Kifaransa cha kale, na ilipoingia Kiingereza katika Zama za Kati ilimaanisha mpumbavu. Baadaye ikawa mtu wa kuchaguachagua, kisha jambo la makini sana, na hata jambo dogo. Maana ya kupendeza ilishika karne ya 18, na tamthilia hii ni ya miaka ya 1590.

Mmoja wetu akamkumbuka Henry Tilney wa Jane Austen, katika riwaya ya Northanger Abbey, anavyomtania Catherine kwa kukisifia kitabu kwa neno hilo: kama "nice" ni unadhifu, basi itategemea kilivyojalidiwa. Tilney anajiona mlinzi wa maana ya asili, kumbe hajafika hata karibu na maana ile ya kwanza, ya upumbavu.

Tulipima kila maana kwa maneno yanayofuata: padri anasema barua ilibeba jambo zito, na kuipuuza kwaweza kuleta hatari. Kwa hiyo "nice" ni kinyume cha uzito. "Barua ndogo" ingeeleweka kuwa karatasi fupi. "Haikuwa ya kipuuzi" ilimfanya padri asikike kama anajitetea. Tukaandika: "Barua ile haikuwa ya mchezo."

Neno limo pia katika sehemu ya 3, onyesho la 1, Benvolio, rafiki wa Romeo, anapomweleza mtawala jinsi Romeo alivyomsihi hasimu wake Tybalt atafakari ugomvi ulivyokuwa "nice". Maana ni ileile, lakini "wa mchezo" hapo ungechekesha, watu wawili wakiwa wameshakufa. Tukaweka "ugomvi wa bure".