Gumegume la baba mkwe

Jana namsuka huyu wangu wa mwisho akaniuliza, mama, hivi ile bunduki ya babu ilishawahi kuua mtu? Nikamwambia tulia kichwa wewe. Ila usiku usingizi ukagoma kabisa, nikawa naiwaza siku ile tulipoipeleka Leeds, hapa Uingereza, ikaangaliwe.

Bunduki mnaijua, nimeshailalamikia humu sana. Baba mkwe alipofariki wakagawana vitu, shemeji akabeba gari na saa, baba watoto akaangukiwa na lile dude refu kunizidi mimi, kitako kimepinda kwenda chini, kimenakshiwa vipande vya kombe vinavyong'aa. Tukalitundika juu ya kochi, maana Uingereza sheria ya silaha ya 1968 inakuruhusu kukaa na silaha ya kale kama pambo bila leseni. Na lilikuja na hadithi yake, kwamba babu wa babu yao alilitoa Afghanistan vita vya 1842, ile Januari Waingereza wanakimbia Kabul watu kama 16,000, halafu anaonekana Daktari William Brydon peke yake anaingia mji wa Jalalabad na farasi hoi. Shemeji akishagonga bia mbili lazima aisimulie utadhani alikuwepo.

Basi tukampelekea mzee mmoja wa huko Leeds anayezijua silaha za zamani. Hakuchukua muda, akasema hii ni jezail, bunduki ya gumegume ya Waafghani, yaani inayowashwa na cheche za jiwe, mtutu mrefu hivi ndio ulikuwa unawafikia askari wa Kiingereza kutoka juu majabalini wakati Brown Bess, bunduki za hao Waingereza, haziwafikii wenzao. Akamulika tochi pale kwenye mtambo wa jiwe, akafuta na kitambaa, ikatokea alama ya moyo yenye herufi za East India Company, ile kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India, baba watoto akatabasamu hadi masikio. Mzee akasema subiri, iangalie hiyo E. Imegeuka, inatazama kushoto. Fundi wa huko aliinakili alama bila kuzijua herufi, yaani kama simu feki za Kariakoo tu.

Nikacheka. Baba watoto hakucheka.

Halafu mzee akachukua fimbo nyembamba ya mbao akaiingiza mtutuni, taratibu, mpaka ikagota. Akaweka alama kwa penseli pale mdomoni, akaichomoa, akailaza kwa nje sambamba na mtutu. Ncha ikaishia vidole vinne kabla ya kufika kwenye kile kitundu cha kupitishia moto. Akarudia. Palepale. Hakusema kitu, akaugeuzia mtutu ukutani, na mimi nikajikuta nimeshasogea nyuma ya mume wangu bila hata kufikiria, akatuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mlikuwa mmeiweka wapi? Nikasema juu ya kochi. Watoto wanakaa hapo? Nikasema wanaangalia katuni hapo. Akasema, imeshindiliwa hii, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki.

Akamimina mafuta, akatuambia turudi siku nyingine. Tuliporudi akavuta mbele yetu kwa chuma chenye skrubu nchani, kikatoka kitambaa kimeoza, risasi ya duara, na unga mweusi uliolowa. Feki yenye risasi ya kweli. Mtu aliishindilia ili aipige, halafu asiipige, kwa nini sasa, alikimbia, alikufa, aliuza?

Shemeji tulipompigia, kusikia E imegeuka akanuna, kusikia risasi akachangamka. Siku hizi kwenye hadithi yake babu anamnyang'anya mtu bunduki kabla hajafyatua, ila ile E haitaji kabisa. Na mimi nakula zangu viazi nimenyamaza, maana nimsahihishe kwa ushahidi gani, mzee mwenyewe alisema mitambo ya kuigiza ilitengenezwa sana tu karne hiyohiyo ya 19.