Kopo la kalsiamu ya asili, na dagaa wa Kirumba

Mama mkubwa aliteleza uani akajishikiza kwa kiganja, mkono ukavunjika kwenye kifundo. Hakuanguka kutoka juu wala hakugongwa na bodaboda. Tangu afungwe hogo, kila anayekuja kumpa pole ana ushauri wake, na dada mmoja wa jumuiya akamletea kopo la "kalsiamu ya asili" la shilingi 85,000, alipe kidogo kidogo.

Nimelisoma lile kopo mpaka maandishi madogo ya nyuma. Ndani ni kalsiamu kaboneti iliyosagwa kutoka kwenye magamba ya chaza. Kaboneti hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye vidonge vingi vya kalsiamu vya duka la dawa, na bei zake haziko karibu kabisa. Mwili hauna habari kama imetoka baharini au kwenye jiwe. Cha kuuliza ni kiasi: kalsiamu yenyewe ni kama asilimia 40 tu ya kaboneti, kwa hiyo kidonge cha kaboneti miligramu 1,250 kinakupa kalsiamu miligramu 500. Tena kaboneti inywewe pamoja na chakula, na isizidi hizo 500 kwa mara moja, maana zaidi ya hapo mwili hauipokei vizuri.

Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku, chakula na vidonge vyote vikihesabiwa pamoja. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, na hapa siwezi kunyamaza. Gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya miligramu 1,000, kwa sababu dagaa analiwa na mifupa yake. Mnofu wa sangara, pamoja na utamu wake wote, haukaribii hapo. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, wale walioanikwa chini wanakuja na mchanga. Mama mkubwa hapendi uchungu, kwa hiyo natoa utumbo kwa ukucha lakini uti wa mgongo nauacha. Naosha kwa maji ya moto, nawachuja, nawakaanga mpaka wakauke ndipo naweka kitunguu na nyanya. Wakikaangwa hivyo, hata mwenye meno machache anawatafuna wakaisha.

Asubuhi ni uji wa ulezi, wenye kalsiamu kuliko mahindi kwa mbali sana, na mchana mtindi. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama miligramu 300. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila una oksaleti zinazoishika kalsiamu isifyonzwe. Sukuma wiki inafyonzwa vizuri zaidi. Supu ya mifupa inayosifiwa kila siku haina kalsiamu ya maana, hata ukiichemsha usiku kucha. Na pemba, tafadhali wanawake wenzangu, tusiile kwa kisingizio cha mifupa. Udongo ule unaweza kuwa na madini ya risasi.

Lakini naomba nieleweke. Mtu mzima akivunjika kwa kuteleza tu, tatizo limeshapita chakula. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni inapungua na mfupa unamong'onyoka haraka kuliko unavyojengwa, na mama mkubwa ana pumu, amemeza prednisolone kwa vipindi virefu. Dawa hiyo nayo inadhoofisha mifupa. (Asiiache ghafla kwa kusoma hapa, wala wewe.) Niliumia sana kuona watu wanamuuzia kopo wakati hakuna aliyemwambia aulize kuhusu kipimo cha msongamano wa mifupa. Hakipatikani kila hospitali, lakini kipo, na daktari wa mifupa ndiye wa kumuuliza.

Sasa ameandikiwa alendronate, dawa ya kuzuia mifupa isiendelee kumong'onyoka, kidonge kimoja kwa wiki. Anakimeza asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, halafu anakaa wima nusu saa bila kulala, kisichome koo. Chai ya maziwa, uji na kalsiamu ya aina yoyote, ya asili au ya kiwandani, vinasubiri, kwa sababu kalsiamu ikikutana na dawa hiyo tumboni inaizuia isiingie mwilini. Kopo nimelirudisha kwa mwenyewe. Ile 85,000 inatosha maziwa ya mama mkubwa kwa wiki kadhaa.