Leo nimefika Jamestown

Nimerudi nyumbani sasa hivi, viatu bado vina mchanga.

Miaka yote niliyoishi hapa Virginia, Marekani, sikuwahi kufika Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza Marekani. Leo binti yangu kanikokota, ana mtihani wa historia.

Tulianzia mtoni. Mto James ulikuwa na kina kirefu karibu kabisa na ukingo, hadi Waingereza walipofika mwaka 1607 wakafunga meli zao kwenye miti! Ndipo nikaelewa kwa nini walikaa kwenye kinamasi kile, chenye mbu na maji ya chumvichumvi. Walitazama meli kwanza. Baadaye tumbaku ndiyo iliyowainua, ikisafirishwa kwa mto huohuo hadi Uingereza.

Halafu kanisani. Hapo, tarehe 30 Julai 1619, walianza kikao cha kwanza cha bunge la koloni: wajumbe 22 waliochaguliwa, pamoja na gavana na baraza lake. Siku sita za joto kali, mjumbe mmoja akafariki kikao kikiendelea. Kati ya waliyopitisha: bei ya tumbaku, shilingi 3 kwa ratili ya ile nzuri.

Binti akauliza, "Mama, na watu weusi walikuwa wapi?"

Nikamwambia: mwishoni mwa Agosti, mwaka uleule, meli ilitia nanga Point Comfort, mlangoni mwa mto huu, na Waafrika ishirini na kitu, mateka kutoka Angola. Wakabadilishwa kwa chakula.

Alinyamaza. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika kwenye gari.

Nyie mnaolea huku, watoto wakiuliza hivi mnawaambiaje? Nisaidieni jamani.