Baba kumuonea mtoto wivu

Nimeangalia The New One ya Mike Birbiglia, yule mchekeshaji wa Marekani, iko Netflix toka 2019 ila mi nimechelewa, na sidhani kama ningeielewa hivi kabla hatujapata mtoto. Ni mtu mmoja tu jukwaani anapiga stori zaidi ya saa nzima, jinsi alivyokuwa hataki mtoto kabisa halafu akampata. Aliicheza Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo kule New York, 2018 kabla haijafika kwenye simu zetu.

Kilichonishika ni ilipoanzia. 2016 yeye na mkewe Jen walimpeleka binti yao Oona, ana miezi 14, kwenye tamasha la filamu Nantucket, kisiwa kimoja huko Marekani, mwandaaji akamuomba Mike apande usiku wa kusimulia, mada ni wivu. Jen, ambaye ni mshairi, akamtania: we si unamuonea wivu Oona, kaongelee hilo. Basi, shoo ikazaliwa hapo.

Huku kwetu hilo halisemwi jamani. Mtoto kazaliwa, mama mkwe kaja, kahamia chumbani na binti yake, kuna mtori, kuna uji wa pilipili manga, mzazi anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, na wewe mwanaume mzima umehamishiwa kwenye kochi la sebuleni, unaitwa pampasi zikiisha. Wageni wanauliza mama na mtoto wanaendeleaje, na ni haki yao kabisa, wao ndo wametoka vitani. Ila kuna usiku namsikia mke wangu mle ndani anaongea na yule mtoto kwa sauti ambayo zamani alikuwa ananiongelesha mimi, nageukia upande wa pili najiambia ni uchovu. Uchovu gani. Ni wivu, tena wa kumuonea mtu ambaye hata shingo yake haijakaza.

Halafu Mike naye anaanza na kochi! Anaongelea kochi lake mpaka unahisi anapoteza muda, kumbe anakujengea nyumba ya watu wawili ili mtoto akiingia uone kilichovunjika. Kuna sehemu midoli na vifaa vya mtoto vinaporomoka kutoka juu jukwaa zima linajaa, nilicheka nikaziba mdomo nisiwaamshe wa chumbani. Na mwenzetu ana tatizo la usingizi, ndoto zake anazitenda kwa mwili, alishawahi kuruka dirishani hotelini huku amelala, ghorofani, kwa hiyo analala ndani ya begi la kulalia na glavu mkononi asiweze kulifungua. Mtu wa hivyo humlazi na kichanga. Mimi nimetolewa chumbani kwa mila, yeye kwa usalama.

Mbele huko anasema anaelewa kwa nini kuna akina baba wanaondoka. Hasemi anaondoka, anasema anaelewa tu. Angefungua shoo na hiyo nadhani wangemzomea, ila ameshakuchekesha muda wote ule umeshakuwa upande wake, inakuingia kabla hujajikinga. We iseme hiyo kijiweni, kesho yake wazee wa ukoo wameshakaa kikao.

Ninachomdai ni kwamba Jen tunampata kupitia mdomo wa mumewe. Ila 2020 wakatoa kitabu cha jina hilohilo kina mashairi ya Jen, hicho nakitafuta kwa udi na uvumba.

Nilimuonyesha mke wangu vipande viwili. Cha kochi alicheka mpaka akashika mshono, cha akina baba kuondoka hakucheka, akaniuliza na wewe je? Nikamwambia mi nataka kurudi chumbani tu mama. Akasema subiri arobaini iishe, bibi yake ataondoka. Sasa mama mkwe kama unaisoma hii, shikamoo mama, mtori wako mtamu sana, mi sina haraka.